Ukurasa wa Arobaini na Saba

Fundi alijua mambo mawili vizuri kuliko watu wengi: kushona vitabu na kuweka kinyongo. La kwanza alifundishwa na fundi aliyemtangulia. La pili alizaliwa nalo.

Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya jengo la maktaba, katika chumba kisicho na dirisha ila tundu la hewa. Mle ndani kulikuwa na meza ndefu ya mbao, chuma cha kubania vitabu, sindano, nyuzi, kopo la gundi, na rundo la vitabu vilivyovunjika migongo vikisubiri zamu. Shule aliiacha darasa la sita. Watu wa ghorofani walimwita Fundi Gundi, naye aliitika bila kununa, maana gundi ndiyo iliyokuwa kucha zake, na mtu hakatai kucha zake.

Miaka mitatu nyuma, Mama Kaunta, yule mama wa pale mlangoni anayeazimisha vitabu, alishuka ngazi akiwa na simu ya ofisi.

"Fundi, maktaba ina ukurasa mtandaoni."

"Hongereni."

"Una wafuasi sitini na mmoja, nusu yao ni sisi wenyewe. Hakuna anayeushughulikia. Chukua, weka chochote. Hata picha ya gundi yako."

Fundi akaweka picha ya kitabu kilichochanika katikati, na chini yake akaandika kama alivyozoea kusema: "Mgonjwa huyu kaletwa leo asubuhi. Mgongo umevunjika. Aliyemlalia kwenye kochi anajijua."

Kesho yake watu mia mbili walikuwa wamecheka. Keshokutwa akatokea mwanamke mmoja pale kaunta, kainamisha kichwa, akasema kochi lilikuwa la kwake. Fundi akaendelea. Kila mgonjwa aliyefika akampiga picha, na aliyepona akampiga picha tena, akaandika: "Ametoka wodini. Anatafuta mtu wa kwenda naye nyumbani." Vitabu ambavyo havikuwa vimeguswa tangu enzi za babu vikaanza kugombewa.

Halafu akabuni jambo lililowaleta watu wengi zaidi. Kila Jumatano alikivisha kitabu kimoja karatasi ya kaki, jina lisionekane. Watu wakaandika namba yoyote ya ukurasa, naye akaufungua ule ukurasa na kuusoma mbele ya simu kwa sauti yake ya kukwaruza. Palipoanza kunoga, akafunga kitabu na kutaja jina lake. "Ukitaka mbele, njoo. Mlango uko wazi." Walikuja. Mwaka ule Mama Kaunta aliandika wanachama wapya mpaka kadi zikamwishia, akaanza kuwaandika kwenye daftari.

Kisha wakaletewa Mkuu mpya.

Mkuu alikuwa mtu wa suti na manukato, na alipenda maneno kama "mkakati". Aliutazama ukurasa ule, akatazama hesabu ya wafuasi, akatabasamu kama paka aliyeona sahani. Miezi minne baadaye chama cha maktaba kikatoa cheti kwa maktaba inayozungumza vizuri na wasomaji wake mtandaoni, na Mkuu ndiye aliyepanda jukwaani kukipokea. Fundi alimwona kwenye vidio, akiwa mezani kwake na sindano mkononi. "Siku moja nilikaa ofisini kwangu," Mkuu aliwaambia watu, "nikajiuliza, itakuwaje kama vitabu vitakuwa wagonjwa na sisi tukawa madaktari?"

Fundi akajichoma kidole. Siku ile hakupanda juu. Alipanda kesho yake, akagonga mlango, akasimama kwenye zulia.

"Mkuu, nimeona cheti. Naomba jina langu litajwe. Hata pale ukurasani tu, mstari mmoja."

Mkuu hakuinua macho. "Gundi haionekani kwenye jalada, Fundi. Ikionekana, kazi ni mbovu. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

"Wazo lilikuwa langu."

"Wazo ni la taasisi. Na kusema kweli, maktaba haiwezi kuwa na sauti ya mtu wa darasa la sita. Nimebadilisha neno la siri. Rudi kwenye kazi yako."

Fundi akashuka ngazi ishirini na mbili, na kila ngazi akamlaani kwa laana tofauti.

Nyumbani, mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimsikiliza huku mguu uko kwenye cherehani.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nimeondoka."

"Umeondoka." Akakata uzi kwa meno. "Ningekuwa mimi, ningemshona mdomo kwa uzi wa jinzi."

"Tulia, mama. Kisasi cha haraka ni chakula kibichi. Kitanichafua tumbo mimi mwenyewe."

"Haya, kaa nacho jikoni mpaka kiungue."

Mambo ya wagonjwa na ya Jumatano yakafa. Badala yake ukurasa ukajaa Mkuu: Mkuu akishika mikono ya wageni, Mkuu akitazama rafu kama anayezikagua kwa mnada. Watu wakaanza kuhama mmojammoja. Ndipo Mkuu, alipoona maji yanakauka, akaanzisha "Waraka wa Mkuu". Kila Ijumaa aliweka maneno machache kuhusu kusoma. Na, jamani, maneno yalikuwa mazuri. Watu wakarudi. Mwalimu mmoja akaandika kwamba amelia. Fundi alizisoma sifa zile akasikia kama mtu anamkamulia ndimu kwenye kidonda.

Waraka wa nne aliusoma asubuhi, amesimama mlangoni pa karakana yake, kikombe mkononi. Ulianza hivi: "Msomaji ni mgeni anayeingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi, akakuta taa inawaka na chakula kiko mezani, na mwenye nyumba alishakufa zamani."

Ulimi wake ukakwama. Ulikwama mahali pasipo na mkato wala nukta, baada ya "anayeingia". Akarudia. Ukakwama palepale.

Ni hivi. Fundi alipomaliza kushona kitabu, alikuwa na desturi aliyoachiwa na fundi aliyemtangulia. Alifunua kurasa zote, mmoja baada ya mwingine, akisema kwa sauti neno la mwisho la huu na neno la kwanza la unaofuata, ahakikishe hakuna karatasi iliyogeuka wala iliyoruka. Kitabu kizima kilimpitia mdomoni kwa namna hiyo, kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Vingi alivisahau. Lakini "anayeingia", pumzi, "nyumba" alikuwa amekwisha kuyasema, na alijua aliyasema wapi.

Akaingia stoo, akapita rafu tatu, akachomoa kitabu chenye jalada la kijani: mawaidha ya mwalimu mmoja aliyekufa miaka mingi, ambayo hakuna aliyeyaazima tangu muhuri wa tarehe ulipokuwa wa mpini wa mbao. Ukurasa wa arobaini na sita ulimalizia na "anayeingia". Wa arobaini na saba ulianza na "nyumba".

Fundi akaketi juu ya ngazi ya stoo. Akakumbuka vizuri kitabu kile kilivyomfikia. Kilikuwa kwenye rundo lililotoka ofisi ya Mkuu, mgongo umevunjika namna ya kitabu kilicholazwa kifudifudi na kukandamizwa ili kipigwe picha, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wa Mkuu: "Kishonwe." Mtu ameiba ng'ombe, halafu kampelekea mwenyewe amchunge. Na kwa nini asimpelekee? Kwa Mkuu, fundi anashona, hasomi.

Akafungua simu, akatafuta waraka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote walikuwa mle kitabuni, neno kwa neno. Mwizi hakujisumbua hata kubadilisha nukta.

"Mpeleke kwa bodi," mkewe akasema jioni ile. "Ushahidi si unao?"

"Bodi watamwita chumbani, watafunga mlango, watakunywa chai. Ataomba radhi kwa watu watano. Mimi alinifanyia mbele ya wafuasi elfu kumi na nne wa ukurasa."

Mkewe akaondoa mguu kwenye cherehani. "Sasa huyo ndiye mume niliyeolewa naye," akasema.

Fundi akangoja. Nyaraka zikafika tano, zikafika sita. Aling'oa jalada la kijani ambalo Mkuu angelitambua, akakivisha kitabu jalada jipya la rangi ya udongo, imara, kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Hakugusa kitu ndani.

Nafasi ikaja yenyewe. Siku ya kuwakaribisha wasomaji ilipokaribia, mwenyekiti wa bodi, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza, alisema atakuja kushuhudia. Na wafuasi walikuwa wakiuliza kila siku: Jumatano ya kutaja ukurasa imekwenda wapi? Mkuu akatangaza ataifanya mwenyewe, mubashara, mbele ya mwenyekiti. Akamwagiza Mama Kaunta atafute kitabu kimoja cha zamani kisichochakaa, kivishwe kaki kama kawaida.

Mama Kaunta akashuka kwa Fundi. Akapewa kitabu, tayari kimevishwa. Akakipima mkononi, kisha akampima Fundi kwa macho.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho. Na kesho, namba itakayoandikwa mara nyingi, ndiyo uisome."

"Fundi, usiniambie kitu. Nisichokijua siulizwi."

"Sijakuambia kitu, dada."

"Vizuri." Akafika ngazi ya tatu, akageuka. "Ila hicho nisichokijua kiwe kikubwa, basi. Mimi pia kaniita karani wa mihuri."

Kesho yake saa nne chumba cha kusomea kilijaa. Viti havikutosha, watu wakasimama baina ya rafu. Mkuu alikaa mbele katika suti ya kijivu. Kando yake mwenyekiti, mkoba mapajani. Mama Kaunta alishika simu na kazi yake ilikuwa kusoma maoni kwa sauti. Fundi alisimama mlangoni na aproni yake.

"Ndugu wapenzi wa vitabu, karibuni laivu," Mkuu akasema. "Mchezo huu mnaujua, ni mtoto wangu niliyemlea. Tajeni ukurasa."

Nyumbani, mshona sare alikuwa ameacha cherehani. Aliandika namba moja mara kumi na moja.

"Arobaini na saba," Mama Kaunta akasoma. "Arobaini na saba. Arobaini na saba tena. Huyu mama anaipenda kweli."

Mkuu akacheka, akafunua, akakohoa kidogo kulainisha koo. "Nyumba ya mtu bila kubisha hodi," akasoma kwa sauti yake nzuri ya redio, "akakuta taa inawaka na chakula kiko mezani, na..."

Akasimama.

Fundi aliiona damu ikiushuka uso ule kuanzia paji, kama maji yanavyoshuka kwenye chupa iliyotoboka. Alikuwa ameingoja sura ile karibu wiki tatu, na haikumwangusha.

"Endelea, Mkuu," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo.

"Maandishi ni... ni hafifu kidogo."

Mama Kaunta alikuwa akisoma maoni, maana ndiyo kazi aliyopewa. "'Huu si Waraka wa Mkuu?' 'Mbona haya aliyaandika yeye mwezi uliopita?' 'Nimeuhifadhi, ni uleule.' 'Mkuu, kitabu hiki umekiandika lini?'"

Mkuu akachana kaki. Akaona jina kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini mtu hafiki alikofika bila kujua kupanda ukuta, na huyu alipanda. Akacheka, tena kicheko kizima.

"Ndugu zangu, samahani sana. Tuna fundi wetu mmoja wa kushona vitabu ambaye nilimwondoa kwenye ukurasa huu, na hajanisamehe. Angalieni jalada, ni jipya kabisa. Amechapa maneno yangu, akayashonea ndani ya kitabu cha marehemu ili kunichafua. Ni jambo la kusikitisha. Hata lugha yenyewe mnaijua, ni yangu."

Chumba kikanong'ona. Mama Kaunta akaangalia simu, sauti ikamshuka. "'Afukuzwe.' 'Wivu mbaya.' 'Hata marehemu hawaheshimu.'"

Fundi hakuwa amelitarajia hilo. Alifikiri mwizi akishikwa huinamisha kichwa. Sasa vichwa vyote vilimgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba anaweza kutoka mlango ule bila kazi, na jina lile alilolidai likabaki mtandaoni kweli, ila kama jina la mzushi.

"Fundi," mwenyekiti akasema. "Umefanya hivyo?"

"Naomba kitabu, Mama."

Akapita katikati ya watu. Mkuu alikishikilia kidogo, kisha akakiachia, maana simu ilikuwa inamtazama. Fundi akakilaza mezani, akatoa kisu cha kazi mfuko wa aproni. Mtu mmoja akavuta pumzi. Akachoma mgongo wa jalada, akalivua kama anayemvua mtu koti, akakata nyuzi zake mwenyewe. Zilimuuma. Zilikuwa mishono safi.

"Dada, sogeza simu. Watu waone." Sauti yake ilikwaruza, na huko mtandaoni kuna waliokumbuka wameisikia wapi. "Kitabu hiki hakikushonwa karatasi mojamoja. Karatasi kubwa inakunjwa katikati. Zikikunjwa nne zikaingia moja ndani ya nyingine, unapata kurasa kumi na sita, na sindano inapita kwenye kunjo. Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na saba hauko peke yake. Una pacha wake upande wa pili wa kunjo." Akaichomoa karatasi, akaikunjua kwa viganja viwili, ikawa pana kama leso. "Huyu hapa arobaini na saba. Na huyu hapa thelathini na nne. Karatasi ni moja. Nani anaona kiungo?"

Hakuna aliyekiona. Mwenyekiti alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kunjo.

"Na kwenye thelathini na nne, huo ni muhuri wa maktaba hii. Vitabu vyote hapa vilikuwa vinagongwa pale, ili mtu akichana ukurasa wa mbele kitambulike. Mama, soma mwaka."

Mwenyekiti akausoma. Mkuu mwaka ule alikuwa bado ananyonya.

"Muhuri unaweza kughushiwa," Mkuu akasema, lakini alisema akitazama meza.

"Inawezekana," Fundi akasema. "Basi tuangalie wa kwanza. Waraka wa kwanza uko ukurasa wa kumi na mbili. Pacha wake ni wa tano." Akaichomoa karatasi, akaikunjua, akasoma mistari miwili. "Wa pili uko ishirini na tisa." Akachomoa, akakunjua, akasoma.

"Fundi, inatosha," mwenyekiti akasema. "Tumeelewa."

Ilitosha kweli. Kila mtu chumbani alikuwa ameelewa. Mkuu alikuwa amefungua kifungo cha shati na shingo inamtoka jasho, na mtu mwenye huruma angekunja karatasi zake akashuka ngazi. Fundi aliitafuta huruma ile kifuani kwa muda mfupi, kwa haki tu, asije akaambiwa hakutafuta. Hakuikuta.

"Bado, Mama," akasema. "Amesaini sita. Nimefika wa pili."

Akasoma waraka wa tatu, akarudia ule wa nyumba ya mtu kwa wale waliochelewa kujiunga, akamaliza na wa tano na wa sita, taratibu, kila mmoja mpaka palipoanza kunoga, na kila mara akataja jina la mwalimu yule marehemu, lote, la kwake na la baba yake. Mama Kaunta akatangaza watazamaji wamefika elfu tisa. Fundi akakusanya karatasi zake. "Ukitaka mbele, njoo," akaiambia simu. "Mlango uko wazi."

Bodi ilikutana Alhamisi. Ijumaa Mama Kaunta akashuka na simu ya ofisi na kikaratasi chenye neno jipya la siri. Mwenyekiti ameagiza, akasema: ukurasa ni wa Fundi, jina lake litawekwa, na vidio ile abaki nayo au aifute, aamue mwenyewe.

Hata nusu saa haikupita, Mkuu akatokea mlangoni pa karakana akiwa na sanduku la vitu vyake. Hakuwa amewahi kushuka kule. Alitazama kopo la gundi, chuma cha kubania, na karatasi zilizotandazwa mezani zikisubiri uzi.

"Fundi."

"Mkuu."

"Sina maneno mengi. Ile vidio. Niko nayo kila ninapokwenda. Dukani wananitajia namba ya ukurasa. Mke wangu ametumiwa na ndugu zake watatu. Kazi nimepoteza, sawa, ni haki. Naomba uifute tu."

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliutunga mpaka ukapita.

"Mimi nilikuomba mstari mmoja," akasema.

"Nilikosea. Nakiri."

"Umekiri kwangu, chini huku, tuko wawili." Akaichukua simu, akaiminya mara mbili, akamgeuzia aone. Vidio ilikuwa imewekwa juu kabisa ya ukurasa, pale ambapo kila anayefungua huianza. "Sasa imekaa vizuri."

Sanduku lilikuwa linamtelemka Mkuu mikononi, akalipandisha kwa goti. Mwishowe akanyoosha kidole kuelekea mezani, labda kwa kukosa pa kukielekeza.

"Hicho unakishona tena?"

"Nakishona tena. Watu wamekiagiza mtandaoni, kila mtu anataka kukisoma." Fundi akachoma sindano katikati ya kunjo, akavuta uzi mpaka ukakaza. "Wako arobaini na tatu kwenye foleni. Nikuandike?"